Ndoo ya Alhamisi

Maji hutoka Alhamisi, saa tisa za usiku.
Mfereji hukohoa kwanza, hutema kutu,
kisha uzi mwembamba huanza kuteremka
na ploti nzima huamka. Ndoo husemezana kwenye ngazi.
Mimi na Muhonja tuna mitungi sita, karai moja,
na wiki ni ndefu.

Maji ya kuosha mchele, yale meupe, hupanda paani,
kwenye magunia ya sukuma na managu.
Ya kuoga hungoja karaini: hufua soksi,
hupiga deki, na yakishakuwa meusi kama sturungi
husukuma choo.
Mara nne! Hata ng'ombe hacheui hivyo.

Zamani niliuita uchoyo. Muhonja alinyamaza,
akaendelea kukinga.

Nami nilikuwa na tabia zangu.
Miaka kumi na mmoja nilisimama hapa roshani, orofa ya nne,
nikafunga fundo la maganda na nepi na mabaki ya ugali,
nikarusha.
Mto Mathare uko hapo chini. Ulipokea.
Mpaka jioni moja Khavugwi, miaka mitano,
akaingiza kichwa kati ya vyuma:
"Baba, umeitupa wapi?"
Mtoni.
"Na mto unakaa wapi?"
Haukai, unapita tu.
"Unapita kwa nani?"
Nilitafuta jibu mfukoni mwa shati,
nikapata kalamu.

Mwaka huohuo daktari alinifunga mkono, mashine ikavimba,
akaandika namba mbili, akazipigia mstari.
"Chumvi ya mezani, ondoa. Halafu utembee."
Nikamuuliza dawa ya kutembea inauzwa wapi.
Hakucheka.

Basi sasa, saa kumi na moja,
natoka dukani Kirinyaga Road, mikono inanuka bolti,
Ngara, Pangani, halafu Juja Road yote,
vumbi likinisindikiza kama deni.
Wiki ya kwanza vidole vilifura.
Ya pili, kucha moja ilinihama.
Ya tatu nikagundua kuna mama Pangani, Nyawira,
nduma zake bado zina udongo wa jana,
na nauli niliyookoa ndiyo inayozinunua.
Hanifungii chochote. Natoa kiondo.
Vijana wa kona wakaimba, "Mwanamume na kiondo!
Huyu ameolewa!"
Nikawaambia ndiyo, na mahari haijaisha.

Sitadanganya: Ijumaa iliyopita nilikula chipsi,
nimesimama, nimegeukia ukuta kama mwizi.
Chumvi ilinishika midomo
kama rafiki wa zamani asiyejua mmegombana.
Nikatembea nyumbani nikiwa mzito.
Lakini nilitembea.

Onsongo, keyateka, alipinga magunia: "Paa litavuja!"
Halikuvuja. Sasa managu hupungua usiku
na Onsongo hupita asubuhi akinawiri, akisalimia kwa adabu.
Tunajua. Muhonja humwachia upande wa ngazi,
majani yaliyo karibu na mkono.

Na usidhani mto umepona.
Bado unanuka, hasa mvua ikichelewa,
bado roshani za ng'ambo hurusha mafundo yao
na mimi nayasikia, *pwa*, nikiwa kitandani,
nayahesabu, najua uzito wa kila moja.
Nani nimkemee? Kwa mdomo upi?
Maganda yetu huoza gunia la tano, taratibu,
Khavugwi huyafunua kwa kijiti kuona nyungunyungu,
na amempa mmoja jina. Jina langu.

Alhamisi tena. Mfereji umeanza kukohoa.
Muhonja yuko chini na mitungi,
mtoto anapanda na kikombe cha maji ya mchele,
anaweka mguu mmoja, anasubiri yatulie, anaweka mwingine.
Huko gizani mto unapita kwa nani sijui.
Naegemea vyuma, kwa mazoea,
mikono mitupu.