Mkono wa Tatu

Unaniuliza rangi, Nyemo,
nawe vyombo vyako viliteremshwa juzi kutoka Dodoma,
kule nguo ikianikwa asubuhi, adhuhuri inakauka kama dagaa.
Hapa Mikindani nguo haikauki. Inachoka tu.

Gusa ukuta huu. Umekiona kiganja chako?
Chumvi ile ya kwenye kopo inalia tangu Machi.
Kiberiti nakilaza chini ya godoro,
na mlango wa kabati, masika yakiingia, hunenepa,
ukaufungua kwa kukanyaga ukuta.

Mara ya kwanza nilipaka ya maji, nyeupe, kwa ajili ya bei.
Tulipendeza siku arobaini.
Siku ya arobaini na moja nikachemsha ming'oko:
mvuke ukapanda, ukajibana chini ya rangi
kama mpangaji asiyelipa,
malengelenge, kisha ganda, ganda, mpaka kwenye mchuzi.
Chitanda akala, akafuta mdomo, akasema:
pilipili manga ya mwaka huu ni nyeupe.

Mara ya pili ya mafuta, ya kung'aa;
korosho zilipata mnada mzuri.
Sikupiga msasa. Nikaisiliba juu ya moshi na mafuta ya kukaangia.
Hiyo haikubanduka. Iligoma kukauka.
Wiki tatu tunafungua kabati kwa ncha ya kisu;
mjukuu aliacha vidole vitano pale,
nzi mmoja akaacha maisha.
Ilipokauka ikawa njano, meno ya mla ugoro.

Ndipo nikamwita Fundi Nandonde.
Hakuuliza rangi gani. Alinusa.
Akapitisha kidole nyuma ya bawaba, kikatoka chekundu kwa kutu.
"Mama, dukani hawauzi rangi. Wanauza kopo."

Akatungoja mpaka kipupwe. Mimi nalalamika, yeye anangoja.
Akaosha ukungu kwa siki, akang'oa milango, akakwangua:
njano, nyeupe chini yake,
chini ya nyeupe kijani cha mama mkwe wangu, Binti Nalicho,
kijani nilichokichukia tangu siku ya kuolewa,
na chini ya kijani, mninga wenyewe, umetulia.

Jioni akaacha kisahani cha chumvi ndani ya kabati.
Asubuhi chumvi imelowa: leo hatupaki.
Kesho yake imelowa: hatupaki.
Siku ya nne ikamwagika chenga chenga kama mchanga,
akafungua praima.
Alianza na kingo, migongo, matundu ya skrubu,
pale ambapo mimi nilisema nani ataona?
"Maji yataona," akajibu.

Mkono wa kwanza mwembamba, mbao inakuchungulia.
Siku mbili. Msasa laini, kama unamfuta mtoto uso.
Mkono wa pili. Siku tatu.
Mkono wa tatu, kisha marufuku kupika ndani nusu mwezi:
nilipika uani, kwenye mafiga, mwavuli kwapani,
na Chitanda anauliza kama tumefilisika.

Masika mawili yamepita. Piga kwa ukucha. Umesikia?

Ni ya mafuta, ndiyo, ya nusu mng'aro, jina nitakuandikia.
Na rangi ni kijani. Kilekile. Usinicheke.

Ila fungua mlango huu wa kushoto, utazame ndani.
Hapo nilimzuia fundi, akapiga vanishi tupu,
maana alipokwangua tulikuta hesabu za mkaa,
vijiti vitano vitano, sukari, mafuta ya taa,
na majina kwa herufi za Kiarabu,
mkono wa Binti Nalicho, uliolala pale miaka chini ya rangi zetu.
Wote amewakata kwa mstari.
Hili la chini kabisa hakulikata. Ni Somoe. Ni mimi.
Nani anamdai nani, hakuandika.

Haya, chukua kisahani, hiki chenye ufa.
Chumvi ninayo. Usipake kitu kabla hujaniletea nikaiona.