Walihamisha Majina

Nimekata nyasi hapa miaka kumi na tisa.
Najua mashine itaruka wapi,
na wapi udongo umebonyea kama shavu la kibogoyo,
na wapi sharti niizime, nipige magoti, nitumie mkasi,
maana jiwe la Ingeborg Ellingson limelala chali
na kuvumwani za manjano zimekwisha kula mwaka wake.

Mumewe ndiye aliyetoa ekari hii.
Bamba la shaba langoni linamwita Anders, mwanzilishi,
na kusema hapakuwa na kaburi kabla ya la mkewe.
Daftari halisemi hivyo.
Daftari ninalo mimi, nilikabidhiwa pamoja na funguo
na kopo la petroli,
nalo linaanza kwa mstari mmoja wa penseli:
*Mwendesha maksai. Homa. Hakusema kwao ni wapi.*

Nilipomsomea Delphine Redwing, alicheka puani.
Watu wake walichimba mizizi kwenye mteremko huu
kabla mtu yeyote hajaupima kwa mnyororo,
na walizika pia.
"Wa kwanza kwenye karatasi," alisema. "Hilo nakubali."

Kisha ukurasa wa sita, majira ya baridi, dondakoo.
Josef. Anežka. Václav. Ludmila.
Na wa tano, *hajabatizwa*.
Siku tisa, nyumba moja, akina Kostelecky.
Ardhi ya Dakota ilikuwa chuma, sururu ilirudisha cheche,
basi wakawalaza watoto ghalani juu ya ngano
wangoje Aprili,
na baba yao akalala mlangoni na bunduki
kwa ajili ya mbweha.
Hili daftari halikuandika. Hili alinisimulia Wilma,
ambaye baba huyo alikuwa babu yake,
naye alizaliwa kwa mke wa pili, kwenye kitanda kilekile.

Reli ikaja. Reli ikautaka mteremko wa chini.
Baraza likaketi, likakohoa, likapitisha:
wafu wapandishwe juu, dola tatu kwa kila mwili,
mkandarasi Amos Thackery.
Makaburi themanini na mawili.
Alimaliza kwa siku nne.
Siku nne! Na hakuna aliyeuliza,
kwa kuwa mawe yalisimama juu yamenyooka, yameoshwa,
na Thackery akajenga nyumba yenye madirisha ya rangi.
Kufa kufaana.
Mwendesha maksai hakuwa na jiwe,
kwa hiyo hakuhamishwa hata kwa uongo.

Mwaka juzi walichimba mtaro wa maji taka
chini ya stesheni ya zamani, ambako sasa kuna maegesho.
Kijiko cha mashine kilileta kifungo cha pembe,
kitana,
kiatu cha mtoto, cha kushoto,
kamba bado imepigwa fundo mara mbili
na mtu aliyehofia kisivuke mguuni.

Walihamisha majina.
Miili ilibaki pale pale, na treni za ngano
zikapita juu yake miaka tisini.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Wilma.
Ana miaka themanini na minne; kila Mei
huleta maua ya zambarau kwenye jiwe la watano.
Alikaa kimya hadi birika likachemka.
"Basi nimekuwa nikiyapelekea maua majani," alisema.
Halafu akaniuliza bomba limepita upande gani hasa,
akachukua kiti chake cha kukunja.

Sasa huleta mafungu mawili.
La juu kwanza, kwa mazoea.
La chini huliweka kwenye ukingo wa saruji,
kati ya gari la mtu na gari la mtu.

Baraza limeniongezea eneo,
ukanda wa nyasi kando ya maegesho,
hatua arobaini kwa sita. Hauna hata jiwe moja.
Mashine naizima hata hivyo, natumia mkasi,
na vijana wa duka la matairi hunitazama.

Kwenye daftari, ukurasa wa mwisho,
nimeongeza mstari. Sikuwa na kalamu ya wino.
*Kiatu cha kushoto. Kamba imefungwa.*