Kilo Arobaini

Nilivikuta chini ya kitanda, nikitafuta patipati:
ndoo mbili ndogo za rangi zilizojazwa saruji,
katikati bomba la maji lenye kutu,
na kwa chokaa, mwandiko wa mwanangu: KILO 40.
Uongo. Niliinua.
Mimi nimebeba magunia Kibuye miaka ishirini na sita,
mkono wangu ni mizani. Ni hamsini, na kitu juu.

Obala ana miaka kumi na minne.
Sauti yake bado hujikwaa katikati ya neno,
huanza nzito ikamalizikia utotoni.
Viatu vya Januari vilimkataa Mei.
Anataka timu ya raga ya shule,
ambako wenzake, asema, wana shingo kama magogo.
Kwenye mwimo wa mlango mamake humpima kwa kalamu,
na mistari ilikuwa ikipanda kama kunde baada ya mvua,
ila miezi hii mitatu.
Mitatu, mstari juu ya mstari.

Jirani yetu Peres hakungoja kuulizwa.
"Chuma hula urefu! Mpwa wangu kule Ugunja
alinyanyua vyuma, akabaki kama kinu."
Mpwa huyo namjua. Baba yake kinu, babu yake kinu,
na hakuna kati yao aliyewahi kunyanyua kitu
kizito kuliko kikombe cha chai.

Lakini hofu haina masikio.
Nikampeleka hospitali ya Russia, foleni toka saa moja,
hadi kwa mtaalamu wa viungo, binti aitwaye Kageha,
akambonyeza magoti, akambonyeza viwiko,
inama, chuchumaa, simama, tena.
"Chuma hakimfupishi mtu," alisema.
"Ila hapa," akagusa mwisho wa mfupa, juu kidogo ya kifundo,
"hapa ndipo urefu unapofinyangwa, na udongo ungali mbichi.
Mzigo mdogo, mgongo ulionyooka, mtu mzima kando:
huo utamjenga.
Mzigo wa kushindana, gizani, peke yake:
huo ndio ninaoletewa hapa kwa machela."
Samaki mkunje angali mbichi, nilijisemea.
Sikumbuki waliosema kwamba mkunje kwa jiwe.
Na ile mistari ya mlangoni?
Akacheka. "Urefu nao hupumzika, baba."

Kisha akanitazama nilivyoinuka kitini,
mkono mmoja mezani, mwingine kiunoni.
"Na wewe, mgongo huo ulianza lini?"
Sikuwa nimekuja kwa ajili ya mgongo wangu.
Nikasoma bango la chanjo, lote, hadi jina la mpiga chapa.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Ahero, magunia ya mpunga,
na hakuna aliyenishika mkono kwenda kuuliza
kama ni salama.
Haikuitwa mazoezi.
Iliitwa kusaidia nyumbani.

Jioni hiyo mifereji ya Manyatta ilikauka.
Obala akachukua mitungi bila kutumwa,
lita ishirini mkono huu, lita ishirini mkono ule,
akapanda kilima mabega yakimning'inia,
na Peres, yule yule, akamsifu kutoka kibandani:
"Kijana mwenye adabu!"
Nilisimama mlangoni nikihesabu.
Ishirini na ishirini.
Chokaa haikuwa imedanganya. Ilikuwa imekosea chombo tu.

Nilimfuata, nikampokea mtungi mmoja.
Hakusema kitu. Mimi pia. Kiuno changu kilisema.

Jumamosi nikazipiga zile ndoo kwa nyundo,
saruji ikaruka hadi kwenye sufuria ya omena,
mamake akatutukana sote wawili,
hadi mkono wangu ukasema: kumi na mbili.
"Hizi ni za watoto," Obala akanuna.
"Ndiyo," nikamwambia. "Nyonga chini. Kifua mbele. Pumua.
Usivute kwa mgongo. Shusha polepole, si mpunga huo."
Mara kumi. Alitetemeka kwenye ya nane, akajifanya anakohoa.
Kisha akanisukumia bomba kwa mguu.
"Baba, zamu yako."
Bado nalitazama.