Kuondoka ni Pembeni

Sauti ya Musubao ilifika usiku, dakika nne,
imejaa upepo wa Norwe na meno yanayogongana:
"Katungu, dada, huku nchi ni nyeupe
kama unga wa muhogo uliomwagwa na mtu asiye na njaa.
Watu wanajifunga mbao miguuni,
wanashika tiara kubwa kuliko nyumba yetu ya Ndosho,
na tiara inawavuta. Nimeshajifunza.
Siri yote iko kwenye kuondoka."

Nikasikiliza mara tano. Mara ya sita, kwa daftari.

Usiirushe katikati ya upepo ungali umesimama,
itakung'oa kama jino.
Anzia pembeni, pale upepo unapopita bila kukujali.
Miguu iukate upepo, usiupe mgongo.
Kaa kama mtu anayesita kukaa
kwenye kiti cha anayemdai.
Ndipo uishushe, mkono mmoja, haraka,
ipasue tumbo la upepo,
na kabla haijagusa chini uirudishe juu,
uishushe tena, uipandishe,
kama sindano kwenye kitambaa kinene.

Sindano, hiyo naijua.

Nilishona siku tisa kwa mashine ya Mama,
mashine iliyokimbia volkano mara mbili ikiwa kichwani.
Shitingi iliyochakaa. Nguo za miavuli sita
iliyovunjwa na mvua ya Aprili.
Kamba za nyavu kutoka Kituku,
na mpini wa jembe, nusu, kuwa mshikio.

Theluji hatuna. Tuna nyeusi.
Kule Buhene greda lilipita juu ya lava,
likaisaga, likaacha tambarare ndefu
ya changarawe nyepesi, inayolia chini ya kiatu kama sukari.
Niliazima chukudu ya Nzanzu, muuza makala,
aliyekubali kwa sharti moja:
awepo, acheke.

Saa nane mchana ziwa likaanza kupumua kuelekea mlimani.

Mara ya kwanza nilisahau daftari.
Katikati. Jino.
Goti langu hadi leo lina kipande cha Nyiragongo ndani.

Mara ya pili niliogopa, nikaiacha juu ya kichwa,
ikaning'inia kama mgeni asiyesema kilichomleta.
Chukudu haikusogea. Nzanzu akasema
hata ile ya dhahabu pale ronpoa
ina mwendo kuliko hii.

Mara ya tatu sikumjibu.
Gurudumu likate upepo.
Goti zima kwenye ubao, matako nyuma,
mkono wa kushoto, vuta

na kamba zikakaza kama mishipa ya shingo ya Mama akituita,
chini, juu,
chini, juu,
mpira wa gurudumu ukapiga yowe,
na Nzanzu, anayeteremka kutoka Kibumba
na magunia saba bila kugusa breki,
akanikimbilia hatua kumi,
kumi na mbili,
kisha akasimama, mikono kichwani.

Sikujua kusimama. Musubao hakusema lolote kuhusu kusimama.
Niliachia tu.
Tiara ikaenda kuanguka kwenye shimo la mazuku,
pale mbuzi wanapokufa wamelala,
pale hakuna anayeshuka kabla hajateremsha moto kwanza
aone kama utazimika.
Tuliivuta kwa kamba, polepole,
sote wawili tumeshika pumzi kana kwamba ingesaidia.
Ikatoka na unyoya wa kunguru.

Usiku nikamtumia jibu, bila neno langu hata moja:
sekunde kumi na nne za simu iliyokuwa mfukoni,
changarawe, mpira, Nzanzu akimwita Mungu kwa Kinande.

Akajibu asubuhi:
"Hiyo ni theluji gani?"

Na baadaye kidogo, kwa sauti ya chini:
"Kwenye pembe umeshona mshono gani?
Yangu inachanika."