Trei ya Mayai

Kioo kwanza, kisha vioo vya pembeni.
Hapo Khelef akaniuliza kama lazima niivue yote.
"Rejeta iko nyuma ya uso," nikamwambia.
"Mtu hatibiwi koo kafumba mdomo."

Wete, mvua ya vuli imekatika sasa hivi,
mabati ya gereji yangali yanachuruzika.
Trei ya mayai kaishika Mbarouk:
skrubu fupi safu ya juu, ndefu chini,
mbili za chini ya taa kwenye kona yao,
maana ndefu ikiingia pa fupi
hutoboa hadi kwenye rangi, na rangi hii
mwenyewe huifuta kwa kanzu yake.

Soketi ya indiketa haivutwi kwa waya.
Unabana ulimi wake, unangoja iseme *tk*.
Plastiki iliyochomwa na jua la Maskati
ikaja kula chumvi ya Pemba
haina subira tena. Vibanio viwili vikanikatikia;
nikasema samahani, kama niliyemkanyaga mtu.

Kisha bodi ikaja nzima, nyekundu,
nyepesi kuliko maringo yake.
Nyuma yake hakuna chui. Kuna waya,
taa mbili zimetoa macho,
matope mekundu,
na katika mbavu za rejeta, zimeganda,
karafuu.

Nikazichokoa kwa bisibisi ndogo:
tisa, na makonyo,
na kipande cha ukili wa jamvi.

Mbarouk akanitazama. Mie nikatazama bisibisi.
Wiki ya pili leo Bi Raya wa Mzambarauni
anamuuliza kila apitaye
ni nani aliyepanda na pikipiki juu ya jamvi lake,
pishi sita, nyengine zimesagwa, nyengine majanini,
wala asisimame.

"Inachemka tu, fundi," Khelef akasema. "Sijui kwa nini."

Nikazibua. Nikapuliza. Nikatia maji mapya.
Marehemu Fundi Shaame alinifunza
kufungua, kufunga,
na kuyasitiri yaliyo katikati.
Lakini yeye, nadhani, hakupata kufungua uso
ukanukia jirani.

Trei nikamwekea Khelef magotini.
Skrubu kumi na nane, kila moja najua tundu lake.
Kishimo cha mwisho nimetia zile tisa.
"Hizi," nikamwambia, "nimeizunguka pikipiki nzima,
sioni zinapofungwa."

Uso umelala juu ya gunia, unatazama mabati.
Nikanawa mikono kwa sabuni ya unga,
polepole, hadi kwenye viwiko.