Tangazo Kabla ya Mnada

Mwenyekiti, nashukuru kwa kipaza sauti.
Sitakawia. Najua mmekuja kusikia bei.

Mama yangu mnamjua. Sikuzani binti Mnembuka,
karani wa mizani misimu ishirini na sita
hapa hapa Kitangari, kwenye ghala hili.
Hakumpunja mtu.
Mzee Chilumba, wewe alikufuata hadi nyumbani
na kilo tatu ulizokwisha kuzisamehe.

Siku hizi ananiita kwa jina la dada yake
aliyezikwa kabla sijazaliwa.
Chai anaitia chumvi, halafu anaitia tena.
Juzi kauliza, ni nani mwanamke huyu anayemwogesha?
Nikasema, jirani.
Akasema, Mungu amlipe.

Nimesikia mnayosema. Foleni ya maji ina masikio.
Kwamba katupiwa kitu. Kwamba alituma yeye, kikamrudia.
Haya, niwaulize, wakulima wenzangu:
maua ya mkorosho yakivaa unga mweupe mwezi wa saba,
nani kati yenu humwita mganga?
Tunasema ubwiriunga. Tunabeba bomba, tunapuliza salfa.
Daktari kule Ndanda kaniambia ubongo nao hunyauka,
tawi kwa tawi,
na kilichochanua jana ndicho kinachotangulia kupukutika.
Ni ugonjwa. Una jina.
Salfa yake tu
haijafika bado ghala lolote duniani.

Kwa hiyo ombi langu dogo.
Mkimkuta usiku wa manane, kanga moja, pekupeku,
anausukuma mlango huu,
msipige yowe. Msiokote jiwe.
Si mchawi yule.
Anawahi kazini.
Mwambieni, Karani, leo mzigo haujafika.
Atawajibu, haya.
Mshikeni mkono mmlete,
nyumba ya tatu ukipita mashine ya kusaga.
Nitakuwa macho. Mimi siku hizi niko macho tu.

Na wewe kijana wa kwa Namkuna,
uliyemkuta Alhamisi ukamwekea gunia tupu mizanini:
nimesimuliwa.
Alisoma kilo moja,
akatoa kilo ya gunia,
akaandika sifuri kiganjani mwake, akakuonyesha uhakiki.
Usiku ule alilala
kama mtu aliyelipwa.

Ni hayo tu.
Mwenyekiti, fungua bahasha.