Kijiko cha Sungura

Asubuhi nakula kwa kijiko cha Adroni,
kile cha plastiki chenye sungura kwenye mpini.
Vijiko sita. Cha saba ni ugomvi.
Mjukuu ananihesabia kwa sauti, halafu ananionya
kama nilivyokuwa nikimwonya yeye:
"Tafuna, bibi. Usimeze tu."
Maji yanangoja nusu saa. Namwangalia saa ukutani
kama mdai.

Miezi kumi na minne tangu Kampala,
tangu daktari aliponipunguza tumbo
akaniachia kipande kama bogoya moja.
"Hiki kinakutosha," alisema.
Niliuza cherehani mbili na ndama wa urithi
ili nitoshwe.

Kwenda, nililipia viti viwili vya basi.
Mwezi wa tano, nikirudi kliniki, nililipia kimoja.
Utingo akauliza, "Mwenzako yuko wapi?"
Nikacheka mpaka Karuma.
Baada ya daraja sikucheka tena.

Vidonge vya sukari, nilivyovimeza miaka tisa,
vimefutwa kwa mstari mmoja wa kalamu.
Magoti yamenisamehe:
napanda ngazi za soko bila kumtaja Mungu.
Nimefunga kamba za viatu mwenyewe. Nimezifungua,
nikazifunga tena.

Lakini nywele. Zilijaa chanuo, zikaziba bomba la bafu.
Na baridi! Arua, mwezi wa pili, bati linalia kwa jua,
mimi nimekaa kwenye mashine nimevaa sweta.
Na ngozi ya mikono, nikinyoosha kitambaa,
inaning'inia kama pazia la nyumba iliyohamwa.
Hii hakuna aliyenipunguzia.

Hapa Oli hawautaji ugonjwa kwa jina.
Wanapita dukani, wanashika kitenge wasichokinunua,
wanauliza kwa upole, "Driciru, dawa unameza vizuri?"
Nami nameza mbele yao vidonge vya chuma na vitamini,
kila siku, saa ile ile,
nikiwatimizia ushahidi.
Niliponenepa walisema mume wangu ananitunza.
Mume wangu alikuwa ameshakufa.

Kwenye matanga kule Vurra wakanipakulia enyasa,
mlima, na samaki wa ufuta juu yake.
Shangazi Ocokoru akasimama mbele yangu:
"Chakula changu kina nini?"
Nikala kwa aibu, nikazidisha, nikashushia na soda.
Dakika kumi. Moyo ukaanza kukimbia peke yake,
jasho la barafu, dunia ikapinda.
Nikajikuta nimelala nyuma ya jiko, kwenye majivu,
na shangazi ananipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Nikainua blauzi. Nikamwonyesha.
Matundu matano madogo,
kama mtu alitaka kutia vifungo
akabadili mawazo.
Akayagusa moja moja kwa kidole chenye masizi.
Hakulia, hakunigombeza.
Akauliza tu, "Na njaa, waliitupa wapi?"

Hilo daktari hakuliandika kwenye karatasi.
Shangazi, haikutupwa. Ilihama.
Tumbo limenyamaza, inapiga kelele kichwani,
usiku hasa, saa ambazo zamani
nilifungua sufuria gizani, nikala nimesimama
kwa huzuni niliyoiita njaa.
Sasa huzuni inakuja na mikono mitupu,
inakaa kitandani, inanitazama.
Bado hatujazoeana.

Nguo zangu za zamani nimezifumua.
Moja inatoa mbili, na kipande kinachobaki
ni begi la shule la Adroni.
Ila ile ya zambarau, ya harusi ya binti yangu,
imebaki nzima kwenye kiango, nyuma ya mlango.
Wateja huuliza ni ya nani, pana namna ile.
Nawaambia: ya mama mmoja,
mtu mzuri, alikuwa anacheka sana.
Hajarudi kuichukua.
Siiuzi.